Chumba na Sindano: Historia ya Makazi ya Wanaojidunga katika Miji ya Pwani

Historia ya heroini katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki imezoeleka kusimuliwa kwa njia mbili: ama kama historia ya biashara haramu, yenye majahazi, wasafirishaji na misako ya polisi, ama kama historia ya maradhi, yenye virusi, sindano na takwimu za maabara. Njia zote mbili zina ukweli wake, lakini zote zimepita kando ya jambo ambalo yeyote aliyefanya kazi na waraibu wa Dar es Salaam, Unguja, Mombasa au Malindi analijua vizuri, nalo ni mahali wanapolala. Maambukizi ya virusi vya UKIMWI, ya homa ya ini na ya kifua kikuu yamefuatana kwa karibu na safari ya mraibu kutoka chumba cha nyumbani hadi geto, na kutoka geto hadi pagala, kiasi kwamba si rahisi kueleza kwa nini maradhi yalienea kwa kasi ile bila kueleza kwanza nani alikuwa na ufunguo wa mlango na nani hakuwa nao.

Kukosa makazi mjini kulikuwa kosa mbele ya dola muda mrefu kabla heroini haijajulikana. Utawala wa Waingereza katika Tanganyika uliwaona vijana waliohamia Dar es Salaam bila kazi ya mshahara kama watu wasiostahili kuwapo mjini, ukawaita wahuni, na tangu miaka ya 1920 ukawa unawakamata na kuwarudisha makwao. Mwaka 1944 ikatungwa sheria iliyowapa maofisa mamlaka ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Uhuru haukuufuta mtazamo huo. Kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakusanya Dar es Salaam watu waliodhaniwa kuwa hawana kazi ikawapeleka mashambani, na wengi wao walirudi mjini baada ya muda mfupi, wakiwa maskini kuliko walivyoondoka. Kanuni ya Adhabu nayo ilibaki na vifungu vya 176 na 177, vilivyorithiwa kutoka sheria za Uingereza dhidi ya wazururaji, ambavyo kwavyo mtu aliweza kufikishwa mahakamani kwa kuonekana mahali fulani, saa fulani, bila maelezo ya kuridhisha. Kenya ilikuwa na sheria yake ya uzururaji, nayo ilidumu hadi mwaka 1997. Kwa hiyo, mraibu wa kwanza kufukuzwa na mwenye nyumba katika miaka ya 1990 aliangukia katika sheria iliyokuwa tayari ikimsubiri, naye alikuwa mhalifu mara mbili, kwa kilichokuwa mfukoni mwake na kwa kukosa mahali pa kukaa.

Makazi yenyewe yalikuwa na umbo lake. Nyumba ya Kiswahili, ambayo kwa zaidi ya karne moja imekuwa nyumba ya watu wa kawaida katika mitaa kama Magomeni, Kinondoni, Manzese na Temeke, ina ukumbi unaokwenda kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba sita hivi pande mbili za ukumbi huo, choo na jiko uani, na baraza mbele. Kila chumba chaweza kuwa na mpangaji wake, na mwenye nyumba mara nyingi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Utaratibu huo una maana kubwa katika historia hii, kwa kuwa kijana anayeishi kwa kibarua cha siku, au kwa kuosha magari na kubeba mizigo sokoni, aweza kupata hela ya kula leo na kesho lakini asipate kamwe kodi ya miezi sita kwa pamoja. Njia aliyoijua ni kujibanza kwa mwenzake mwenye chumba, na chumba cha namna hiyo, kinachokaliwa na vijana watatu au wanne wasio na familia, ndicho watu wa mjini walichozoea kukiita geto. Geto, kwa asili, halikuwa mahali pa dawa za kulevya; lilikuwa jibu la vijana kwa mji uliowataka walipe kabla ya kulala.

Heroini iliingia pwani katika miaka ya 1980, ikitokea Asia kwa ndege na kwa bahari. Iliyotangulia ilikuwa ile ya rangi ya kahawia, iliyojulikana mitaani kwa jina la brauni shuga, na kemia yake ilichangia sana kuamua namna ya kuitumia. Heroini ya kahawia haiyeyuki vizuri katika maji matupu, bali hufuka moshi kwa urahisi ikipata moto, na kwa hiyo watumiaji wa mwanzo waliivuta, ama kwa kuipasha moto juu ya karatasi ya foili na kuvuta mvuke wake, ama kwa kuichanganya na bangi katika sigara waliyoiita kokteli. Matumizi hayo yaliharibu maisha ya watu wengi, na hakuna sababu ya kuyapamba, lakini hayakupeleka damu ya mtu mmoja katika mshipa wa mwingine. Watumiaji wengi wa kipindi hicho bado walikuwa na kwao: walivuta maskani, yaani kijiwe cha vijana cha mtaani, kisha usiku wakarudi kulala kwa mama, kwa shangazi au kwa kaka. Familia za pwani ziliwavumilia kwa muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. Radio iliuzwa, ikanyamaziwa; sufuria zikapotea, zikanunuliwa nyingine; na aghalabu ilikuwa ni baada ya kuibiwa jirani, jambo lililoigusa heshima ya nyumba nzima, ndipo mlango ulipofungwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwishoni mwa miaka ya 1990, pale heroini nyeupe ilipoanza kuchukua nafasi ya ile ya kahawia katika masoko ya pwani. Hii nyeupe, ambayo kwa kemia ni chumvi ya heroini, huyeyuka katika maji bila taabu, nayo inafaa sindano kuliko moshi. Watafiti waliofanya kazi Malindi na Watamu, miongoni mwao Susan Beckerleg na Gillian Lewando Hundt, waliandika jinsi watumiaji walivyohama kutoka moshi hadi sindano katika kipindi cha miaka michache tu, na hali kama hiyo ilionekana Dar es Salaam katika utafiti wa Sheryl McCurdy akishirikiana na Gad Kilonzo, Melkizedeck Leshabari na wenzao. Sababu ya kuhama ilikuwa ya kiuchumi pia. Kete moja, yaani kipakiti kidogo cha unga kinachouzwa na pusha, hutosheleza mwili kwa nguvu zaidi ikidungwa kuliko ikivutwa, kwa sababu hakuna kinachopotea hewani. Na mtu anayeamka na arosto, ule ugonjwa wa mwili mzima unaomshika mraibu dawa inapoisha mwilini, wenye kutapika, kuhara, baridi ya mifupa na maumivu yasiyoacha kiungo, hana nafasi ya kuhesabu hatari ya miaka kumi ijayo.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba mabomba mapya ya sindano hayakuwa adimu. Yaliuzwa katika maduka ya dawa kwa bei ndogo, na ingawa wauzaji wengine walikataa kumuuzia mtu waliyemshuku, mraibu mwenye akili timamu ya mchana aliweza kupata bomba lake. Laiti uhaba wa mabomba ungekuwa chanzo pekee cha maambukizi, pwani ingekuwa na maambukizi madogo. Kilichokosekana ni mazingira ya kulitumia bomba hilo peke yake, kulisafisha, kulihifadhi na kulikuta lilipowekwa. Mtu mwenye chumba aweza kuweka bomba lake juu ya kabati, akachemsha maji, akafunga mlango na kufanya anachofanya bila haraka. Mtu asiye na chumba hulibeba mfukoni, na akisimamishwa na polisi au mgambo, bomba hilo hugeuka ushahidi dhidi yake. Kwa hiyo hulitupa, au hulificha katika tundu la ukuta wa gofu ambamo wengine nao wameficha yao, na gizani hakuna awezaye kujua lipi ni la nani. Baadaye, arosto inaposhika saa nane za usiku na duka la dawa limefungwa, linalopatikana ndilo linalotumika.

Bomba lenyewe ni sehemu tu ya hatari. Unga huyeyushwa katika kifuniko cha chupa au kijiko, huchujwa kwa pamba, na maji hutoka katika kopo moja ambalo kila mmoja huchovya kwa zamu yake. Virusi vya homa ya ini aina ya C, ugonjwa unaoweza kulitafuna ini kimyakimya kwa miaka ishirini kabla haujajionesha, ni vigumu kufa kuliko vile vya UKIMWI. Majaribio ya maabara yaliyotangazwa mwaka 2010 yalionesha kuwa virusi hivyo vyaweza kubaki hai ndani ya bomba la sindano kwa muda wa hadi siku 63. Watu wawili wanaweza, basi, kutumia kila mmoja sindano yake mpya na bado wakaambukizana kupitia kopo la maji, na mahali pasipo na bomba la maji, kama lilivyo pagala, yaani nyumba iliyoachwa kabla ya kuezekwa au kumalizwa, kopo huwa moja. Majipu yanayoota penye mishipa, sumu ya damu, na maambukizi ya vali za moyo yanayotokana na vijidudu vya ngozi isiyooshwa hutoka katika shida hiyohiyo ya maji. Kifua kikuu, kwa upande wake, hakihitaji sindano hata kidogo. Kinahitaji chumba kidogo, madirisha yaliyozibwa ili moshi na sauti visitoke nje, na watu wengi wanaolala pumzi kwa pumzi, mambo ambayo geto lilikuwa nayo yote.

Ndani ya mageto ya Dar es Salaam ndiko kulikotokea desturi iliyowashtua hata watafiti waliokuwa na uzoefu wa miaka mingi. Mwaka 2005 McCurdy na wenzake walitangaza katika jarida la kitabibu la Uingereza kwamba baadhi ya wanawake waliojidunga walikuwa wakitenda kile walichokiita flashibladi: mmoja alijidunga heroini, kisha papo hapo akavuta damu yake ndani ya bomba na kumpa mwenzake, ambaye aliidunga damu hiyo kwa imani kwamba ilikuwa na dawa ya kutosha kumpunguzia arosto. Kisayansi, kiasi cha dawa katika damu hiyo ni kidogo mno kisichoweza kutibu chochote, ilhali kiasi cha virusi, ikiwa mtoaji ameambukizwa, chatosha kabisa kumwambukiza mpokeaji. Ni rahisi kulisoma jambo hili kama ushahidi wa ujinga au wa kukata tamaa, na magazeti kadhaa yalilisoma hivyo. Usomaji huo unawaonea wanawake wale. Wengi wao waliishi pamoja katika chumba kimoja na kujipatia riziki kwa kuuza miili. Anayerudi alfajiri na hela hununua kete, na asiyepata kitu hurudi akiwa na arosto, tena chini ya paa la yule mwenye kete. Waliopeana damu walikuwa wapangaji wa chumba kimoja waliokuwa wakiokoana kwa kitu cha mwisho walichobaki nacho, na anayetaka kuielewa desturi hiyo hana budi kuanza na kodi ya chumba kile.

Wanawake walibeba mzigo mkubwa kuliko wanaume. Mwanamume aliyefukuzwa nyumbani aliweza kulala barazani, sokoni chini ya meza za wauzaji, ufukweni au kwenye pagala, na jamii ikamtazama kama mtu aliyeharibikiwa; mwanamke aliyelala mahali hapohapo alibakwa, na jamii ikasema amejitakia. Kwa hiyo alilazimika kuwa na mwanamume wa kumlinda, na mara nyingi mwanamume huyo ndiye aliyemdunga, tena baada ya kujidunga yeye mwenyewe kwanza kwa sindano ileile. Nyumba za kurekebisha tabia zilipoanzishwa baadaye, nyingi zilipokea wanaume peke yao.

Takwimu zilizokusanywa katika muongo wa kwanza wa karne hii zinaonesha ukubwa wa maafa. Miongoni mwa watu waliojidunga Dar es Salaam, uchunguzi mmoja uliohusisha mamia ya watu ulikuta kiasi cha 42% wana virusi vya UKIMWI, wakati ambapo kiwango cha watu wazima wa Tanzania kwa jumla kilikuwa karibu 6%. Unguja, ambako maambukizi ya jumla hayakufika hata 1%, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta 16% ya waliojidunga wameambukizwa, na zaidi ya robo yao walikuwa na alama za homa ya ini aina ya C. Nchini Kenya, ripoti ya mwaka 2011 ilikadiria zaidi kidogo ya 18% kwa Nairobi na Pwani. Hesabu hizi zilizindua serikali, na hilo ni jambo jema, lakini ziliwapanga watu kwa umri, jinsia na idadi ya sindano zilizochangiwa, na mara chache tu ziliuliza kwa uzito mtu alilala wapi jana.

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa kwingineko, na jibu lake lilijulikana. Katika mji wa Vancouver, magharibi mwa Kanada, mtaa wa Downtown Eastside ulikuwa na hoteli za zamani za vyumba vya mtu mmoja, zilizojengwa kwa ajili ya wakata mbao na mabaharia, ambazo kufikia miaka ya 1980 zilikuwa makao ya mwisho ya watu maskini kabisa. Maonesho makubwa ya dunia ya mwaka 1986 yaliwashawishi wenye hoteli kuwaondoa mamia ya wapangaji wao ili wapate nafasi ya wageni wenye fedha. Mji huo ulianza kubadilisha sindano zilizotumika kwa mpya mwishoni mwa muongo huohuo, na kufikia mwaka 1996 mpango wake ulikuwa mkubwa kuliko wote Amerika ya Kaskazini, ukigawa zaidi ya sindano milioni 2 kwa mwaka. Pamoja na hayo, utafiti ulioongozwa na Steffanie Strathdee na kutangazwa mwaka 1997 ulikuta 23% ya waliojidunga wana virusi vya UKIMWI na 88% wana homa ya ini aina ya C, huku maambukizi mapya yakiongezeka kwa kasi ambayo haikuwahi kushuhudiwa katika miji ya nchi tajiri. Kujidunga kokeini mara nyingi kwa siku kulikuwa sababu mojawapo. Sababu nyingine iliyojitokeza wazi katika hesabu zao ilikuwa makazi yasiyo ya kudumu. Watafiti wale walisema bila kuficha kuwa sindano safi ni za lazima lakini hazitoshi peke yake, na miaka iliyofuata ilishuhudia mashirika ya mtaani yakichukua hoteli zilezile na kuziendesha kwa masharti ya kumpa mtu chumba kwanza, bila kumtaka aache dawa ndipo apewe ufunguo. Chumba cha kujidungia chini ya uangalizi wa wauguzi, kilichofunguliwa humo mwaka 2003, kilikuja baada ya mafunzo hayo, na Mahakama ya Juu ya Kanada ilikilinda mwaka 2011 kwa uamuzi wa majaji wote tisa.

Mafunzo ya Vancouver yalipovuka bahari yalifika pwani ya Afrika Mashariki nusunusu. Sindano zilikuja, vyumba havikuja. Kwa haki, ni lazima isemwe kuwa juhudi za kwanza za pwani zilikuwa za makazi: Mradi wa Omari, ulioanzishwa Malindi katika miaka ya 1990, ulikuwa nyumba ambamo waraibu waliishi pamoja wakiacha dawa, na Unguja kulizuka, kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii, mtandao wa nyumba ziitwazo soba hausi, zilizoendeshwa na watu waliokwisha kuacha. Nyumba hizo zilimpa mtu kitanda, chakula, ratiba, swala kwa wakati na wenzake wanaojua arosto ni nini. Udhaifu wao ulikuwa mlangoni. Aliyeingia alitakiwa kuwa tayari kuacha kabisa, na aliyemaliza miezi yake alitoka kurudi palepale alipotoka, aghalabu bila chumba, na maskani ya zamani ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Mwili uliokwisha kusahau dawa hauwezi kuhimili kipimo cha zamani, na kwa sababu hiyo kurudia baada ya kuacha kunaua kuliko kuendelea.

Dar es Salaam ilichukua njia nyingine. Shirika la Médecins du Monde, yaani Madaktari wa Dunia, lilianza kazi Temeke mwanzoni mwa muongo wa 2010, likigawa sindano safi, likipima maradhi na kuwapa watu mahali pa kupumzika mchana, kuoga na kufua. Mahali hapo pa kuoga hapakupewa nafasi kubwa katika ripoti, ingawa kwa mtu anayelala pagalani maji na sabuni ni kinga ya majipu na ya sumu ya damu kama ilivyo sindano mpya. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku na kuondoa arosto bila kulevya kama heroini, na daktari wa magonjwa ya akili Jessie Mbwambo alikuwa miongoni mwa walioijenga. Ilikuwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa, maana Morisi ilikuwa imetangulia mwaka 2006. Hospitali ya Mwananyamala ikafuata mwaka 2012, Temeke baadaye, na Unguja ikapata kliniki yake Kidongo Chekundu mwaka 2015. Kenya ilianza na Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi miezi michache baadaye.

Kenya ilikutana na upinzani mkubwa zaidi katika suala la sindano. Serikali ilipotangaza mwaka 2012 kwamba ingegawa sindano, viongozi wa dini na wazee wa Pwani, Waislamu na Wakristo pamoja, walisema hiyo ni kuwapa vijana silaha ya kujiua. Hoja yao haikuwa ya kubezwa, kwa kuwa ilitoka kwa watu waliokuwa wakizika watoto wa mitaa yao. Nao waliuliza, kwa haki kabisa, kwa nini mtu apewe sindano bure wakati hapewi tiba. Ilichukua mazungumzo marefu, na kuwapo kwa methadoni, ndipo wengi wao wakaridhia. Hata hivyo, katika mabishano yote hayo kati ya madaktari na masheikh na wachungaji, pande zote zilizungumzia kinachoingia mkononi mwa mraibu, wala hakuna upande uliodai kwa nguvu apewe mahali pa kulala.

Methadoni imeokoa maisha ya watu wengi, na anayeipinga leo ana kazi ya kueleza angeweka nini mahali pake. Lakini ratiba yake inamdai mtu kitu ambacho asiye na makazi ana shida kukitoa: kufika kliniki kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na kuinywa dawa mbele ya mhudumu. Anayeishi jirani huenda kwa miguu. Aliyehamishwa na mvua za masika au na mgambo kutoka pagala la Kinondoni hadi la Mbagala anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, na anayekosa siku kadhaa mfululizo hana budi kuanza upya kwa kipimo cha chini, kwa usalama wake. Hali huwa ngumu zaidi anapokutwa na kifua kikuu. Rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, hulifanya ini kuivunja methadoni haraka, hivyo mgonjwa anayetibiwa kifua hujikuta na arosto katikati ya siku ingawa alikunywa kipimo chake asubuhi, na daktari asipokiongeza kipimo kwa wakati, mgonjwa huacha mojawapo ya dawa hizo mbili. Huacha ile ambayo kuikosa hakumuumizi leo, yaani ya kifua, kisha anarudi kulala miongoni mwa wenzake kumi akikohoa.

Sheria nayo iliendelea kuvuta upande wake. Tanzania ilipitisha mwaka 2015 sheria mpya ya kudhibiti dawa za kulevya iliyoongeza ukali wa adhabu na kuunda mamlaka maalumu ya kupambana nazo, na misako ya mwanzoni mwa mwaka 2017 Dar es Salaam ilijulikana nchi nzima. Misako ya namna hii huwapata wachache miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa, ambao shehena zao husafiri kwa tani baharini. Aprili 2014 manowari moja ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini karibu na pwani ya Kenya katika jahazi moja tu. Wale wanaokaa mapagalani hutawanyika kila gari la polisi linapopita, na mhudumu wa afya ya jamii aliyetumia miezi kujenga imani yao hukuta asubuhi majivu na mabomba yaliyokanyagwa, asijue pa kuwapelekea majibu ya vipimo vyao.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria za uzururaji katika nchi za Afrika. Ilisema kwamba sheria zinazomfanya mtu mhalifu kwa sababu ya hali yake, kwa kukosa makazi, kazi au njia ya kujikimu, haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba nchi zina wajibu wa kuzifuta au kuzirekebisha. Maoni hayo hayakutaja heroini wala sindano, wala hayamlazimishi mtu yeyote kumpa mwenzake chumba. Yanagusa, hata hivyo, fungu lilelile la sheria ambalo tangu enzi za ukoloni limemfanya asiye na mlango aishi kwa kukimbia, na kliniki za methadoni, ambazo sasa zimefika hadi Dodoma, Mbeya na Mwanza, zinaendelea kuandika katika kadi za wagonjwa wapya jina, umri, mtaa na jina la mtu wa karibu. Kwa wengi wanaotoka mapagalani, mahali pa mtaa huandikwa jina la maskani.